Mbegu ya Jumatatu

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi nilikwenda kumtazama mwanamume akitafuna. Ukimwambia mtu hivyo atacheka, na acheke tu, lakini watoto elfu arobaini walitembea kwa miguu yao kwa sababu ya kutafuna kule. Kazi yangu ilikuwa kupokea alichotema.

"Kamwene, mtani," nilimsalimu kupitia spika ya ukutani.

"Ndaga, dada Oresta. Leo umechelewa dakika nne. Nimeanza kudhani umeolewa."

"Niolewe na nani huku? Na ukungu?"

Ambakisye alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mwembamba, kichwa kimeanza mvi, na kati yangu na yeye kulikuwa na kioo kinene kama tofali. Nilimwita mtani, ingawa mpaka leo sijui kama sisi Wakinga tuna utani na Wanyakyusa au nilijianzishia mwenyewe. Huku juu Kitulo tulikuwa wawili tu. Nani angetusahihisha?

Alichukua tonge la ulezi wa kuchemsha, akalitafuna mara sitini huku akihesabu kwa vidole, akatema ndani ya kichupa, akakiweka kwenye kidirisha cha chuma chenye milango miwili. Mlango wake ukijifunga ndipo wangu hufunguka. Nilikitoa kichupa, bado kina joto la mdomo wake. Ndicho kitu pekee chenye joto la mtu nilichokishika kwa wiki nzima, kwa hiyo sioni aibu kusema kwamba nilikaa nacho mkononi kidogo kabla ya kukitia kwenye mfuko wa aproni.

Kinywani mwake viliishi vijidudu ambavyo havikupatikana kwa mtu mwingine yeyote aliyepimwa. Vilitengeneza asidi ambayo mtoto mwenye ugonjwa wa ganzi hawezi kuishi bila hiyo. Tone moja asubuhi, misuli inalegea, mtoto anatoka nje kucheza. Akikosa siku sita, anakakamaa, na baada ya mikono na miguu kinachokakamaa ni kifua. Nimewahi kumwona mmoja, mtoto wa jirani, na sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Shida ilikuwa moja. Vijidudu vile vikishatoka mdomoni mwake vilisahau kazi. Ndani ya tangi la kutengenezea asidi vilijitahidi wiki moja, kisha vikaanza kutengeneza siki ya kawaida, hii ya kuwekea kachumbari. Ndiyo maana kila Jumatatu ilitakiwa mbegu mpya, na ndiyo maana Ambakisye hakula kitunguu, hakugusa mtu, wala mtu hakumgusa, maana mate ya mtu mwingine yangeviua vyote. Alijitolea kwa miaka miwili, wakati Shirika la Tone likitafuta mbegu isiyosahau. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja.

*

Jumatatu hiyohiyo mchana homa ilinishika. Nililala, nikatapika, nikalala tena, na katikati nikawa naburuta miguu kwenda kukagua tangi kisha narudi kitandani. Alhamisi nilipopata nguvu nikaamua kufua. Naingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, nakutana na kichupa.

Mungu wangu. Nilikaa chini palepale sakafuni, aproni mapajani. Mbegu ilikuwa imekauka, imeshika kwenye kioo kama uji uliosahaulika kwenye sufuria. Tangi lilikuwa limechemka siku tatu bila mbegu, na kesho yake, Ijumaa, ndege isiyo na rubani ingetua kuchukua chupa mia sita. Hapakuwa na akiba. Akiba ilikwisha mwaka ambao wagonjwa waliongezeka.

Ningeweza kupiga simu Shirika. Sikupiga. Nilijiambia kwanza nione ni siki kiasi gani, halafu nitajua niombe radhi ya ukubwa gani.

Nikafungua valvu ya tangi. Nilikuwa na nguzo nne za kioo za kuchujia, kila moja imenipita urefu, zimejaa punje za resini ndogo kama mbegu za mchicha. Nilizipa majina, maana mtu ukikaa peke yako utaongea na chochote: Bibi, Mama, Shangazi na Mwali. Bibi anakamata rangi na uchafu, anageuka kahawia kila wiki namuosha. Mama punje zake zina chaji, na asidi ina chaji ya kinyume, kwa hiyo zinang'ang'aniana. Sukari haina chaji, inapita na kwenda zake. Ukishamaliza kupitisha maji ya tangi unamsuuza Mama kwa maji ya mvua, kisha unamwaga maji ya chumvi, na chumvi inazibandua asidi moja moja na kukaa mahali pake. Shangazi ndiye mchaguzi. Asidi zote huingia kwake pamoja, lakini yeye anaiachia kwanza ile asiyoijali, na ile anayoipenda anaishikilia mpaka mwisho. Mwali kazi yake ni kuondoa chumvi iliyobaki.

Kwenye skrini ya Shangazi, siki huchora kilima dakika ya kumi na mbili. Asidi yetu huchora chake dakika ya ishirini na saba. Nilisimama mbele ya skrini nimeshika mikono kifuani kama niko kanisani.

Dakika ya kumi na mbili kikatokea kichuguu kidogo tu, cha kila siku. Nikasubiri. Kuanzia ishirini sikuweza kutazama, nikageuka, nikahesabu vigae vya ukutani. Nilipogeuka tena mstari ulikuwa umepanda, umefika juu kabisa, mrefu kuliko wa wiki iliyopita.

Nikachukua tone kwa kidole, nikaonja. Ni marufuku, ila wote tuliowahi kufanya kazi hii tunaonja. Uchachu mkali, kisha utamu mdogo nyuma ya ulimi. Ilikuwa yenyewe.

*

Furaha ilidumu dakika tano. Halafu nikaanza kujiuliza imewezekanaje, na jibu nikalipata bila kwenda mbali.

Mama yangu alikuwa mpika pombe. Alinifundisha tangu niko mdogo kwamba chungu hakioshwi mpaka chini. Machicha kidogo yabaki, hayo ndiyo yanayojua kazi. Kitabu cha Shirika kinasema kila Jumatatu tangi limwagwe lote, lipigwe soda kali ya kusafishia, kisha mvuke kwa muda wa saa mbili. Mimi nilipofika hapa miaka tisa iliyopita nilimwaga lote mara moja tu, na moyo uliniuma kama nimemwaga chakula cha watu. Tangu hapo nimekuwa nafunga valvu mapema, nabakiza machicha ya ndoo moja kule chini, napiga mvuke kuta tu, kisha naandika kwenye ripoti: limeoshwa.

Kumbe kwa miaka tisa nilikuwa nafuga. Asidi ile ni kali, inaviua vijidudu visivyoitengeneza. Kila wiki vilivyosahau vilikufa, vilivyokumbuka vilibaki kwenye ndoo yangu ya machicha vikizaliana na vya wiki mpya. Mbegu isiyosahau, ambayo wataalamu wa Shirika waliitafuta kwenye maabara zinazong'aa, ilikuwa imelala chini ya tangi langu chafu. Tangu lini, sijui. Labda mwaka. Labda miaka sita. Labda muda wote huo yule mtu alikuwa anatafuna bure.

Jumapili ndiyo siku yake ya kuzungumza na nyumbani, nusu saa, kwenye skrini. Mimi huwa nasikia kwa sababu spika iko wazi, na huwa najifanya sisikii. Jumapili ile alikuja mdogo wake, Tusekile, amejifunga kitenge kichwani, macho mekundu.

"Kaka, mama hajala tangu Ijumaa."

"Anaumwa nini?"

"Uzee, kaka. Daktari anasema moyo umechoka. Anakuulizia wewe tu. Anasema Amba amekwenda wapi muda wote huu."

Kutoka Kitulo mpaka kwao Busokelo ni mwendo wa siku moja kwa miguu, kushuka tu. Mama yake alishawahi kuupanda mlima huu, mwaka wa pili, akaweka kiganja kwenye kioo na mwanawe akaweka cha kwake upande wa pili. Baada ya hapo magoti yalikataa. Skrini ilipozimika Ambakisye alikuja kwenye kioo akasimama karibu sana, pumzi yake ikaacha unyevu.

"Dada, hivi wakinitoa siku tatu tu, wale watoto watakuwaje?"

Nilikuwa nimeijua siri ile kwa siku tatu. Nusu ya siri, tuseme, maana mara moja inaweza kuwa bahati.

"Unajua watakavyokuwa, mtani," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza tu ili aambiwe hapana na mtu mwingine.

*

Niliamua kuhakikisha. Nadhani yeyote mwenye akili angefanya hivyo, elfu arobaini si watu wa kubahatishia. Jumatatu iliyofuata nilipokea kichupa chake, nikamshukuru, nikakimwaga kwenye sinki. Ijumaa kilima kikasimama mahali pake. Jumatatu nyingine nikamwaga tena. Ijumaa kikasimama tena, na safari hii nilimsafisha Shangazi mara mbili na kupitisha upya, nikitafuta kosa kwa nguvu zangu zote. Sikuliona.

Basi ilikuwa Ijumaa ya tatu, nina uhakika, na ninatembea kwenye korido kwenda kumwambia. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nikafika kwenye kioo nikamkuta amepanga drafti. Tulikuwa tunacheza hivi: yeye ana ubao wake na mimi wangu, ananitajia hatua yake, natangaza yangu, na wote wawili tunasogeza vifuniko vya soda.

"Kaa, nikufunge," akasema. "Nimekuandalia balaa leo."

"Mama anaendeleaje?"

"Amekunywa uji juzi. Tusekile anasema amekaa kitako." Akatabasamu. "Anza wewe."

Nikakaa. Nikaanza mimi. Alinifunga mara tatu, akanicheka, akaniimbia ule wimbo wa kipuuzi anaouimba akishinda. Nikajiambia nitamwambia kesho.

Ngoja niseme ukweli, maana hakuna faida ya kuupamba. Mume wangu Atilio alifariki mwaka mmoja kabla sijaja huku. Binti yangu Wende yuko mbali, ananipigia Krismasi na akikumbuka. Kabla ya kazi hii nilikaa mwaka mzima kwenye nyumba ambayo nikikohoa hakuna anayesema pole. Halafu nikaletwa hapa, na mtu nyuma ya kioo akaniuliza umeamkaje, akauliza tena kesho yake, akauliza miaka tisa. Nilimpenda? Sijui jina la kitu kile. Nilichojua ni kwamba nikimwambia ataondoka, na Jumatatu itakuja saa mbili asubuhi, nitachelewa dakika nne, na hakuna atakayejua.

Kesho haikuwa siku nzuri, palikuwa na mvua. Keshokutwa Jumapili, nikamwachia azungumze na mama yake. Siku hiyo bibi kizee alionekana kwenye skrini, amepungua, akasema maneno mawili matatu ya Kinyakyusa na mwanawe akajibu kama mtoto mdogo. Nikajiambia mambo yanakwenda vizuri, anapona. Wiki ikapita. Nilijikuta navaa gauni la maua kwenda kupokea kichupa nitakachokwenda kukimwaga. Ningemwona mwanamke mwingine anafanya hivyo ningemtemea mate.

Wiki ya pili yake ikapita vilevile.

*

Jumapili Tusekile alitokea kwenye skrini bila kusema salamu.

"Lini?" Ambakisye akauliza.

"Jana alfajiri. Tunazika kesho jioni, kaka. Tulimwambia uko njiani. Tusamehe, tulimdanganya tu ili atulie. Akawa anatazama mlango."

Mimi nilikuwa jikoni. Niliinama kwenye sinki nikashika kingo zake kwa mikono miwili. Nilitaka kwenda kwake, nikashindwa kupiga hatua. Siku nzima ile sikumsikia akilia wala kutembea.

Jumatatu nilifika saa mbili kamili. Alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, amevaa shati safi, tonge la ulezi mbele yake. Hakunitania. Akalitia mdomoni akaanza kutafuna, machozi yanashuka mashavuni na yeye anahesabu kwa vidole: kumi, ishirini. Kwenye arobaini akakwama, akajikaza akaendelea. Sitini. Akatema. Akafuta mdomo wa kichupa kwa uangalifu, kama alivyofanya miaka yote, akakiweka kwenye kidirisha.

"Pole kwa kunisubiri, dada," akasema. "Wale watoto hawana kosa."

Mlango wangu ukafunguka. Kichupa kilikuwa pale. Mkono wangu ulikataa kukichukua.

"Usitafune tena," nikasema.

"Unasema?"

"Mbegu yako haitakiwi, Ambakisye. Tangi linajiendesha lenyewe. Nimekuwa nabakiza machicha, vijidudu vimejifunza kukaa humo. Nimepima. Naimwaga mbegu yako kila wiki na asidi inatoka ileile."

Kwanza nilidhani hajaelewa. Kisha akainuka akasogea mpaka kwenye kioo.

"Umejua tangu lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema wiki hii. Nilishautunga uwongo ule usiku kucha, nimeukunja vizuri. Ulipofika mdomoni sikuweza kuutoa.

"Leo siku ya thelathini na mbili."

"Mama alianza kuumwa..."

"Kesho yake, Ijumaa."

Aliweka paji la uso kwenye kioo. Nikasikia anavuta hewa na kuitoa, anavuta na kuitoa. Aliponyanyua kichwa sauti yake ilikuwa ya upole, na mpaka leo afadhali angenitukana.

"Uliona mara moja tu, ukaogopa. Ukataka kupima tena na tena. Hilo hata mimi ningefanya. Ni wiki mbili hizo, sivyo?"

"Ndiyo. Ijumaa ya tatu nilikuwa na uhakika."

"Sawa. Wiki mbili za kwanza zilikuwa za watoto. Hizi mbili zilizobaki zilikuwa za nani?"

"Zangu," nikasema.

Nikachukua funguo ukutani, nikazungukia nje kwenye mlango wa chumba chake. Amri ya Shirika ni kwamba mlango ule haufunguliwi bila sahihi tatu, na sahihi hata moja sikuwa nayo. Nilizungusha gurudumu la kwanza, la pili. Mpira wa mlango ulikuwa umeshikana kwa miaka, ukaachia kwa kishindo. Hewa ya ndani ikatoka, ina harufu ya ulezi na ya mtu. Hewa ya Kitulo ikaingia, baridi ya asubuhi, umande umeganda kwenye nyasi mpaka chini ya bonde.

Ambakisye alisimama kizingitini. Bila kioo alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Upepo ulimpiga usoni akafumba macho, akapepesuka, akashika fremu ya mlango. Nilinyoosha mikono yote miwili kumdaka.

"Usiniguse, dada."

Nikasimama.

"Miaka kumi na moja hajanigusa mtu," akasema, na macho bado ameyafumba. "Nilikuwa nimemwekea mama. Sasa nitamwachia Tusekile. Si wewe."

"Sawa," nikasema. Mikono sikujua niiweke wapi.

"Watazika jioni?"

"Jioni. Ukishuka sasa hivi utawahi. Shirika nitawaambia mwenyewe, kila kitu, na siku zote."

Akatazama chini. Alikuwa peku, ndani ya nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kuhitaji viatu. Mbele yake kulikuwa na nyasi nyeupe kwa baridi, baada ya hapo mawe, na baada ya hapo mlima mzima wa kushuka. Nikavua gumbuti zangu. Nikaziweka juu ya nyasi, moja kando ya nyingine, ncha zikitazama bondeni, nikarudi nyuma hatua tano ili aje kuzichukua. Alisubiri mpaka niongeze mbili. Kisha akaja, akazivaa, akaondoka bila kugeuka, akiyumba kidogo kwa sababu zilimbana, na mimi nilibaki nimesimama na soksi kwenye barafu nikimtazama mpaka mlima ukamficha.